Kijumba cha mbao juu ya makoro (mawe ya lava): kinakaguliwa nini, na lini?

Siku hizi, ukikaa kwenye likelemba (chama cha kuchangiana pesa) yoyote ya Majengo au Katoyi hapa Goma, habari za kujenga haziishi bila mtu kutoa simu. Anaonyesha video ya kijumba cha Marekani: kiko juu ya magurudumu, jiko chini, kitanda juu karibu na paa, pazia jeupe dirishani. Hapo maswali yanaanza. Kumbe hata huko wanakaa katika mabao? Tofauti na yetu ni nini? Mbona yao inakaguliwa na yetu hapana? Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu majibu niliyoyasikia yalinitia hofu. Mmoja alisema nyumba ndogo haina kitu cha kukagua. Mwingine akasema ukaguzi ni jina lingine la pesa ya karani. Wa tatu, fundi mwenyewe, akasema: “Mabao iko nyepesi, haiwezi kuua mutu.”

Nianze na majina. Kijumba ninachokisema hapa ni nyumba ya kukaa watu, yenye kila hitaji la nyumba, ila eneo lake ni dogo. Marekani, kanuni za mfano za ujenzi wa makazi za mwaka 2018 ziliongezewa sehemu ya vijumba peke yake, zikaweka mpaka: mita za mraba 37 kushuka chini, bila kuhesabu sehemu ya kulala ya juu. Sasa chukua nyumba ya mbao ya kawaida hapa Goma, mita 4 kwa 6. Ni mita za mraba 24. Kwa hiyo tumekaa katika vijumba miaka yote hii, bila kuviita hivyo. Vile vya magurudumu vina hesabu yake, kwa sababu vingi huhesabiwa kama gari la kuvutwa na upana wake haupiti sana mita 2.6 ili viweze kupita barabarani. Kwa njia zetu za mawe, hilo naliacha hapo.

Neno la pili ni ubora, na la tatu ni usalama. Watu huyataja pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Ubora ni mlango unaofunga vizuri, sakafu isiyolia, bati lisilovuja. Usalama ni swali moja gumu zaidi: siku ardhi ikitikisika, au moto ukiwaka saa nane za usiku, waliolala humo watatoka wakiwa hai? Nyumba inaweza kupakwa rangi ya kupendeza na swali hilo likakosa jibu.

Ukaguzi ni nini basi? Ni mtu mwenye ujuzi, asiyekuwa yule aliyejenga, kuangalia kazi kabla haijafunikwa. Uzito wa jambo lote uko kwenye hayo maneno “kabla haijafunikwa”. Wengi wetu tunamwita mtu anayejua siku ya kuhamia, wakati nyumba imekwisha. Huko ni sawa na kuonja sombe (majani ya muhogo) baada ya kutia mawese na samaki. Rangi imependeza, harufu imejaa ua mzima, lakini kama majani hayakuiva tangu mwanzo, mawese hayatakuambia. Kule Marekani, mkaguzi wa mji hufika mara kadhaa: msingi ukiwa umechimbwa na beto (zege) haijamwagwa, mifupa ya nyumba ikiwa imesimama na kuta hazijafunikwa, nyaya na mabomba yakiwa bado yanaonekana, kisha mwisho kabisa. Asiporidhika na hatua moja, ya pili haianzi. Na kijumba kilichojengwa juu ya msingi hakiruki hatua hata moja kwa kuwa ni kidogo.

Huku kwetu kuna karatasi tatu ambazo watu wanazichanganya, na wengine wanadanganywa kwa mchanganyiko huo. Ya kwanza ni ya parseli, yaani kiwanja. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali, na haki ya kuutumia inathibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa, kile tunachoita sertifika. Cheti hicho kinasema nani ana haki juu ya kiwanja. Juu ya ukuta hakisemi neno. Ya pili ni kibali cha kujenga, ambacho huombwa kwa huduma ya urbanisme (mipango miji) kabla ya kazi kuanza. Hicho kinaangalia ramani, mipaka, na kama mahali pale panaruhusiwa kujengwa. Ya tatu ndiyo ukaguzi wenyewe: neno la mtu aliyesimama uwanjani, akapiga magoti, akashika msumari. Unaweza kuwa na karatasi mbili za kwanza, zenye mihuri yote, na nguzo ya kona ikawa imeoza.

Nasema nguzo ya kona kwa sababu niliiona. Mama mdogo alijengewa kijumba upande wa Mugunga, mita 4 kwa 5, mbao mpya, bati jipya linalong’aa. Miezi kumi baadaye aliniita kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa haufungi tena. Alidhani umevimba kwa mvua. Nikamwomba ruhusa, tukang’oa ubao mmoja wa chini, pale kwenye kona. Nguzo ilikuwa imesimikwa moja kwa moja ndani ya udongo mweusi, bila beto, bila hata jiwe. Nilisukuma kidole gumba. Kilizama hadi mwisho wa ukucha, maji yakachuruzika, na harufu ikatoka kama ya uyoga. Juu kidogo, kwa urefu wa goti, mti ule ule ulikuwa mkavu na mgumu, mwekundu wa mkaratusi, wa kupendeza. Nyumba ilikuwa imeshuka sentimita 3 upande huo, na mlango ndio uliotangulia kusema.

“Mama mudogo, nani aliona hii mbele ya kufunga mabao?”

“Nani angeona, mwanangu? Fundi nilimulipa yote siku ya kwanza.”

Nitarudi kwenye hilo la malipo. Kwanza twende chini, kwenye ardhi, kwa sababu hapa Goma ardhi yenyewe inahitaji kukaguliwa kabla ya ubao wa kwanza kununuliwa.

Watu husema makoro ni mwamba, na nyumba iliyojengwa juu ya mwamba haina shida. Kweli, lava iliyopoa ni jiwe gumu. Lakini haikupoa kama maji kwenye beseni. Juu ilitangulia kukauka ikafanya gamba, chini ikaendelea kutiririka, na mahali pengi pamebaki uwazi ndani. Mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 ulifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji, na sisi tumejenga juu ya gamba lile lile. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kugonga. Chukua chuma kirefu cha kuvunjia mawe, gonga kila mahali nguzo itakaposimama. Jiwe lililojaa hutoa sauti fupi, kavu. Jiwe lenye uwazi chini hulia kama ngoma. Palipolia ngoma panavunjwa na kujazwa mawe na beto, au nguzo inahamishwa. Pia tafuta nyufa. Baada ya lava ya tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliendelea kwa siku nyingi na nyufa zikapasua barabara na nyumba za mji huu. Ufa uliofukiwa kwa udongo bado ni ufa, na nyumba haitakiwi kukaa mguu mmoja huku na mguu mwingine kule.

Halafu kuna mazuku. Hapa naomba msomaji asome polepole, kwa sababu neno hili limebeba mambo mawili ambayo hayafanani. Mazuku hasa ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini kwenyewe. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo haipandi: inajikusanya mabondeni na mashimoni, kama maji yasiyoonekana. Upande wa magharibi wa mji, kandokando ya ziwa kutoka Himbi kwenda Bulengo, watu wanaijua vizuri. Mbuzi huanguka kabla ya mchungaji, mtoto kabla ya mama, kwa sababu wao wako chini zaidi. Asubuhi mapema, wakati upepo haujaamka, ndipo inapotulia zaidi. Ukiona kiwanja cha bei nafuu ndani ya shimo, na wadudu au ndege waliokufa wametapakaa bila jeraha, usijipe moyo kwamba utainua sakafu. Mahali hapo si pa kulala mtu. Kuna wanaojaribu kwa mshumaa: ukiwaka, wanasema hewa ni nzuri. Hili ni kosa la hatari. Mshumaa huendelea kuwaka hata wakati hewa imekwisha kuwa mbaya kwa kifua cha mtu. Ukizimika, umekwisha kuchelewa.

Jambo la pili ambalo watu huliita mazuku ni ile hewa ya sumu ya mbabula, jiko la makala (makaa). Hii haitoki ardhini, inatoka kwenye makala yanayowaka bila hewa ya kutosha, na jina lake ni kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na haikai chini peke yake. Inaenea chumba kizima. Hapa ndipo udogo wa nyumba unapobadilisha hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.2 kina hewa ya mita 26 za ujazo, basi. Mbabula ile ile ambayo kwenye nyumba kubwa ingeumiza kichwa, kwenye kijumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi inaweza kumaliza familia kabla ya kucha. Mkaguzi mwema huuliza: moto wa kupikia utakaa wapi? Kama jibu ni “ndani, usiku tunafunga,” haendelei na mengine. Anadai matundu mawili ya hewa yanayotazamana, moja chini na moja juu, yasiyozibika kwa nguo, na mbabula itoke nje kabla ya kulala.

Turudi kwa msingi. Wapo wanaosema nyumba ya mbao haihitaji msingi kwa kuwa ni nyepesi. Msingi wa nyumba ya mbao una kazi tatu: kubeba, kuinua, na kushika. Kubeba ndiko rahisi. Kuinua ni kuuweka mti mbali na maji. Ukuta mfupi wa makoro na sima (saruji), sentimita 30 au 40 juu ya ardhi, unatosha, mradi maji ya mvua yana njia ya kuondoka. Kushika ndiko tunakosahau. Vyuma vya beto vilivyokunjwa vinatakiwa kuachwa vimechomoza kwenye msingi wakati sima bado mbichi, kisha vipite kwenye ubao wa chini na kukazwa. Bila hivyo nyumba imekaa juu ya msingi kama sufuria juu ya mafiga. Na mafuta machafu ya gari yanayopakwa kwenye nguzo? Yanakawiza wadudu kidogo juu juu. Hayaingii ndani ya mti, na hayazuii nguzo iliyosimama majini isioze.

Sasa mifupa. Tazama mlango wa mbao wa choo cha uani. Nyuma yake kuna mbao mbili za kulala na moja ya mshazari, herufi Z. Ing’oe ile ya mshazari, na baada ya wiki mlango unalegea, unashuka, unaburuza chini. Ukuta wa kijumba ni mlango ule ule, mkubwa zaidi. Mstatili wa mbao nne ukiusukuma kona, unalala. Pembetatu hailali. Kwa hiyo kila ukuta unatakiwa kuwa na mshazari wake karibu na kona, uliopigiliwa kwa nguzo na kwa mbao za juu na chini. Mafundi wengi huuacha kwa sababu unakula ubao na muda, na ukifunikwa hakuna anayeuona. Mimi nikiwa na dakika tano tu kwenye nyumba ya mtu, hiki ndicho ninachotafuta.

Hapa pia ndipo linapoguswa jibu la yule fundi aliyesema mabao haiwezi kuua mtu, kwa sababu alikuwa na nusu ya ukweli. Uzito ndio unaoua wakati wa tetemeko. Mita moja ya mraba ya ukuta wa mawe wa unene wa sentimita 30 inazidi kilo 600. Ni kama mifuko 12 ya sima iliyopangwa kukuelekea. Mita moja ya mraba ya ukuta wa mbao, pamoja na nguzo zake, unaweza kuibeba begani. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilipopiga Bukavu na ng’ambo ya mto Rusizi, upande wa Rwanda, kuta za matofali ndizo zilizoanguka juu ya watu. Nyumba ya mbao iliyoungwa vizuri hupindapinda, inalia, inabaki imesimama. Lakini “iliyoungwa vizuri” ndiyo nusu aliyoisahau. Mbao nyepesi isiyo na mshazari, juu ya nguzo iliyooza, inalala pia. Na kuna wanaoweka mawe juu ya bati ili upepo usilibebe. Tetemeko likija, mawe yale yanatangulia ndani.

Mti wenyewe uangaliwe kabla haujapigwa msumari. Mbao nyingi za mkaratusi zinafika sokoni juu ya chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) zikiwa mbichi, zimekatwa juzi. Mti mbichi ukikauka ukutani hujikunja, hupasuka, na msumari uliobana leo unacheza kesho. Inua ubao: ukiwa mzito kupita kiasi na baridi mkononi, bado una maji. Upangwe chini ya kivuli, vijiti katikati ya ubao na ubao ili hewa ipite, usubiri. Najua kusubiri ni gharama kwa anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi. Basi angalau nguzo na mbao za paa ziwe kavu. Za kuta zinaweza kupigwa tena baadaye. Msumari nao uwe na urefu wa kama mara mbili na nusu hadi tatu ya unene wa ubao unaoshikizwa. Ubao wa sentimita 4 unadai misumari ya sentimita 10 au 12. Ya 6 inaingia kwa urahisi na kutoka kwa urahisi huo huo.

Juu ya bati kuna jambo linalowapotosha wengi dukani. Nambari ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Namba 32 ni jembamba kuliko namba 28, ingawa masikioni 32 inasikika kama nguvu zaidi. Na hewa ya volkano zetu hugeuza mvua kuwa na ukali unaolisha kutu, kwa hiyo bati jembamba huku halidumu kama linavyodumu kwingine. Mbao za paa zifungwe kwa ukuta kwa waya mnene au kipande cha bati, si kwa msumari peke yake, maana upepo hausukumi paa chini, unalivuta juu, kama kifuniko cha chungu kinachochemka.

Mbao ina adui mmoja ambaye matofali hayamwogopi sana, na Kadutu ya Bukavu inamjua: moto unaoruka kutoka nyumba hadi nyumba. Mara nyingine huanzia kwenye nyaya. Waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa. Wa soketi ni 2.5, na kila mmoja unapita kwenye disjonkta yake, kile kisanduku kinachokata umeme chenyewe. Ukiweka waya wa taa kwenye pasi na jiko, unapata joto ndani ya ukuta mkavu ambao hakuna anayeuona. Waya upite ndani ya bomba la plastiki, usibanwe kati ya mbao mbili, na viungo viwe ndani ya kisanduku, si kusokotwa na kuzungushiwa utepe wa skochi. Hili nalo halionekani baada ya kufunika. Piga picha kwa simu kabla, kila ukuta.

Na malipo? Gawa pesa ya fundi mara nne: msingi, mifupa, nyaya, mwisho. Kila sehemu itolewe baada ya fundi mwingine, asiye ndugu wa wa kwanza, kuja kuangalia. Kumlipa huyo wa pili kwa asubuhi moja ni gharama ndogo sana ukiilinganisha na mbao tulizozinunua upya pale Mugunga. Fundi mzuri hakasiriki. Anayekasirika kwamba kazi yake itatazamwa amekwisha kukuambia jambo.

Nguzo ya mama mdogo tulibadilisha, na nyingine mbili. Zinasimama sasa juu ya beto, zimekazwa kwa chuma, na mlango unafunga. Lakini kabla ya kuondoka niliomba jaribio moja zaidi. Video zile za Marekani hazikuonyeshi kwamba kanuni zao zinataka hata sehemu ya kulala ya juu iwe na dirisha au mlango wa kukimbilia, kwa sababu moshi hupanda kwanza na aliyelala juu ndiye anayeupokea. Watoto wake watatu wanalala chumba cha nyuma, dirisha lina antivoli, vyuma vya kuzuia wezi, yenye bawaba na komeo la ndani. Niliwaambia wafumbe macho, watoke kwa dirisha, bila kupita mlango wa mbele. Mkubwa alilipata komeo kwa kupapasa, akavuta, halikuja. Akavuta kwa mikono miwili. Kutu. Mama mdogo alitazama bila kusema, kisha akaenda kwa jirani kuomba mafuta ya cherehani. Tulilipaka komeo na bawaba zote mbili, tukasubiri kidogo, watoto wakarudi kitandani wakafumba macho tena.